Mume wangu kamezeshwa dawa ya kichocho, kapimwa tena bado anacho. Dawa ni feki?

Mama Neema, Igombe
Habari za jioni wana jukwaa. Mimi ni mchuuzi wa dagaa, mume wangu ni mvuvi. Mwezi wa nne walipita hapa mwaloni wakagawa dawa ya kichocho, akameza vidonge vinne kwa mpigo. Kizunguzungu na tumbo vilimshika mpaka akalala juu ya nyavu, watu wakacheka. Sasa tumbo limerudi, anaharisha, choo kina damudamu. Amepima, wamekuta mayai ya kichocho. Kagoma, anasema dawa zile ni feki na hamezi tena. Jirani anasema kichocho ni kukojoa damu, kwa hiyo kipimo kimekosea. Mama mkwe naye anasema ni kuoga ziwani jioni, angekuwa anaoga mchana jua likiwa kali asingepata. Nimsikilize nani? Na mimi nanyonyesha, naweza kumeza?

Sangara Mkavu
Pole dada. Hizo dawa za bure ndivyo zilivyo. Kuna mzee Sengerema anachemsha mizizi, glasi tatu tu unasahau. Njoo pm.

Wa Darubini
Mama Neema, mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kuangalia hayo mayai, kwa hiyo naanza na jirani yako.

Kichocho chetu ni cha aina mbili. Kile cha kukojoa damu kinapatikana zaidi bara, Kwimba, Misungwi, Shinyanga huko, kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Cha ziwani kinakaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yake yanatoka na choo kikubwa. Kila aina ina konokono wake wa majini anayebeba vimelea na kuviachia majini. Kwenye darubini hayafanani: yai la mkojo lina mwiba mkiani, la ziwani lina mwiba ubavuni, mkubwa, umechomoza kama mwiba wa waridi. Ukiliona mara moja hulisahau. Mvuvi wa Igombe anaweza kumaliza maisha yake hajakojoa damu hata tone, na ini limeshaharibika.

Sasa dawa. Inaitwa prazikwanteli na inafanya kazi. Ila inaua minyoo iliyokomaa, michanga haiwezi. Kimelea kinapenya ngozi ukiwa majini, dakika chache tu zinatosha, kinapita mapafuni, kinaenda kwenye ini, na kinachukua wiki tano au sita mpaka kianze kutaga. Shemeji alipomeza mwezi wa nne, wakubwa walikufa. Wale walioingia wiki mbili tatu kabla yake walibaki wakiendelea kukua. Na sidhani kama kesho yake hakusukuma mtumbwi.

Wenzetu wa Kisumu, Kenya, ziwa hilihili la Victoria, watafiti waliwafuata waosha magari wanaosimama majini kutwa nzima. Walitibiwa, wakapata tena, wakatibiwa tena. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2002: kuna waliochelewa zaidi kuambukizwa tena kadiri walivyotibiwa mara nyingi, na wengine walirudi kulekule kila mara. Kwa hiyo mayai ya leo hayathibitishi kuwa vidonge vya mwezi wa nne vilikuwa chokaa.

"Basi kuna faida gani kumeza?" Naulizwa hili kila wiki. Kinachoumiza zaidi ni mayai. Mnyoo jike mmoja anataga mamia kwa siku, na yale yasiyotoka na choo yanakwama kwenye ini na kuacha makovu. Ini likiziba, damu inatafuta njia nyingine, mishipa ya koo la chakula inavimba, siku moja mtu anatapika damu. Ukiua minyoo leo, unasimamisha utagaji wa leo. Shemeji akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, msisubiri jibu la jukwaani, nendeni hospitali usiku huohuo.

Kile kizunguzungu na tumbo kukata huwapata zaidi wenye minyoo mingi. Ameze akiwa ameshiba, sio chai kavu.

Mama mkwe umwambie kwa adabu: konokono huyu anaachia vimelea kukiwa na mwanga, na kilele ni saa za mchana. Jioni nako si salama, lakini jua kali ndio wakati mbaya zaidi. Maji ya kuoga yakichotwa yakakaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, bila konokono ndani, vimelea vinakufa. Au yachemsheni.

Mzee wa Sengerema simjui. Ila anayekunywa mizizi apime choo kabla na baada, tuone.

Mama Neema, Igombe
Wabeja sana kaka. Amesoma mwenyewe, sasa anauliza kwa nini alipewa vinne. Ana kilo 78 na hawakumpima uzito, walimsimamisha kwenye fimbo tu.

Wa Darubini
Swali zuri. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo, na kidonge kina 600. Fimbo inakadiria uzito kwa urefu, maana huwezi kubeba mzani kila mwalo. Kwa mtu mfupi mnene inapunja. Yeye alipata kama 31 kwa kilo. Fimbo imetengenezwa ikikubali kuanzia 30, kwa hiyo hakuibiwa, lakini alikuwa ukingoni. Akienda kituoni aombe kupimwa kwa mzani. Kwa kilo hizo ni vitano, atakayemwandikia ataamua.

Wewe unayenyonyesha unaruhusiwa. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo tangu 2002, na mwongozo wake wa 2022 unaruhusu pia wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza. Neema ana umri gani? Kama anacheza majini wewe ukiosha dagaa, naye apimwe.

Mama Neema, Igombe
Ana miaka sita, na kucheza anacheza. Akishameza baba yake, tumpime tena lini?

Wa Darubini
Neema nenda naye wiki hii. Baba yake, wiki sita baada ya kumeza. Na asilete choo cha siku moja. Tunachosoma kwenye kioo ni miligramu 41.7 tu, kama punje mbili za mchele, na mayai hayatoki sawasawa kila siku. Alete cha asubuhi, siku tatu tofauti, kwenye kopo kavu lenye mfuniko, kisichanganyike na mkojo wala maji.