Mjadala: Mameneja wa bidhaa wagawanywe kwa mfumo au kwa mteja?

Mleta mada

Wadau, kuna jambo limenikera tangu wiki jana, nikaona nilimwage hapa tulichambue. Mimi ni meneja wa bidhaa, yaani mtu wa kuamua mfumo utengenezwe nini na kipi kianze, katika kampuni moja hapa Nairobi. Tuko watu kama sitini, tunawauzia wenye maduka ya mtaani bidhaa za jumla kupitia apu, halafu tunawapelekea hadi mlangoni. Mameneja wa bidhaa tuko wanne na tumegawanywa kwa mfumo: mmoja ana apu, mmoja malipo, mmoja stoo na usafirishaji, mmoja ripoti na data. Mwezi ujao tunapangwa upya na tumeombwa maoni. Langu ni kwamba mgawanyo huu uvunjwe, kila meneja apewe mteja badala ya mfumo.

Aliyenifikisha hapo ni mama mmoja wa Kayole. Jumanne aliagiza katoni tatu za mafuta ya kupikia na gunia la sukari. Akalipa, ujumbe wa M-Pesa ukamfikia saa tatu na dakika arubaini asubuhi. Apu ikabaki imeandika "Inasubiri malipo". Akangoja nusu saa, akalipa tena. Ikabaki vilevile. Jioni hakuna gari lililofika, na kesho yake akaenda kununua mafuta kwa bei ya juu kwenye duka la jumla la ng'ambo ya barabara, huku pesa zake zimelala kwetu mara mbili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya dada wa huduma kwa wateja mama alipopiga simu. Alisema, "Mwanangu, mambo ya kompyuta sitaki kuyajua, mimi nataka mafuta."

Tukaitana. Mwenye apu akasema apu huonyesha kile inachoambiwa na mfumo wa malipo. Wa stoo akasema oda isiyolipiwa haitoki, na kwake hiyo haikuwa imelipiwa. Mwenye malipo akafungua dashibodi: pesa zimeingia, kila kitu kijani. Wote watatu walisema kweli. Mwenye malipo ni mimi.

Basi naomba hoja zenu, hasa mnaopinga.

Mhandisi wa Kilimani

Mimi napinga. Pole kwa mama, lakini ndugu yangu, umepima malaria ukaandika dawa ya meno. Uthibitisho wa malipo ulirudi seva yenu ikiwa imelala, ukapotea. Mlihitaji programu ndogo ya kuuliza upya hali ya muamala kila baada ya dakika chache, na kizuizi cha oda moja kulipiwa mara mbili. Ni kazi ya siku tatu, na hakuna haja ya kuhamisha madawati ya watu.

Halafu fikiria mbele kidogo. Nimewahi kufanya kazi mahali walipogawanya kwa mteja. Timu ya mwenye duka ikaandika programu yake ya malipo, timu ya dereva ikaandika yake, na ya wakala yake. Siku mhasibu alipouliza pesa hurejeshwa vipi, tulimwonyesha njia tatu, na hakuna hata moja iliyolingana na vitabu vyake. Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliliandika hili tangu 1968: kampuni ikiunda mfumo, mfumo hutoka na umbo lilelile la watu wanavyowasiliana ndani ya kampuni hiyo. Mkijigawa makundi matatu yasiyoongea, mtapata malipo matatu yasiyoongea.

Mleta mada

Siku tatu, nakubali. Ila nikwambie jambo la aibu: kazi hiyo ilikuwa kwenye orodha yangu tangu Februari. Sikuifanya kwa sababu mimi hupimwa kwa asilimia ya malipo yanayofaulu, na malipo ya mama yalifaulu. Tena mara mbili.

Na huyo Conway uliyemwita shahidi wako, mimi naona ananitetea mimi. Sasa hivi apu yetu haijui stoo ina nini kwa sababu mwenye apu na mwenye stoo hukutana Alhamisi tu.

Mzee wa Benki

Vijana, nimekaa benki miaka mingi, niruhusuni kidogo. Habari hii ya mtu mmoja kubeba bidhaa moja haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianzia kwenye sabuni. Mwaka 1931 Neil McElroy wa Procter & Gamble, Marekani, aliandika waraka akitaka kila chapa iwe na watu wake wa kuifuatilia hadi sokoni. Yeye alikuwa anasukuma Camay, na Camay ilikuwa imefunikwa na Ivory, sabuni ya kampuni hiyohiyo. Benki nazo zimejigawa vivyo hivyo: mikopo, kadi, akaunti za akiba. Faida yake ni kwamba hasara ina mwenyewe. Ubaya wake niliuona mteja wetu mmoja alipopigiwa simu tatu kwa siku moja, kila mpigaji akiuza chake, na hakuna kati yao aliyejua kwamba mteja yuko hospitali.

Lakini nawaona mnabishana kuhusu mipaka ya shamba kabla ya kuuliza nani ana hati. Chukueni M-Pesa yenyewe. Majaribio ya mwaka 2005 yalikusudia watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliokwenda nyanjani wakakuta watu wanatumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, marejesho ya mikopo yaliwekwa kando, kutuma pesa nyumbani kukawa ndiyo biashara. Kuna mtu aliona, na kuna mtu alikuwa na ruhusa ya kusema "lile tuliache". Ninyi wanne, yupo mwenye ruhusa hiyo?

Dada wa Oparesheni

Shikamoo mzee. Umenitolea maneno mdomoni.

Kwetu tumepangwa upya mara tatu kwa miaka miwili. Mara ya kwanza bosi alisoma ule waraka wa 2012 kuhusu Spotify, kampuni ya muziki wa mtandaoni, na vikosi vyao vidogo. Waliouandika walisema wazi kwamba ni picha ya walivyofanya kazi wakati ule tu. Sisi tukauchukua kama msahafu. Tukapewa vikosi vyenye majina ya wanyama, mimi nikawa Kifaru, tukashonewa na fulana. Na bado kila Jumapili usiku mwanzilishi anarusha wazo lake kwenye WhatsApp, Jumatatu asubuhi ramani ya kazi ya Kifaru na ya Nyati zote zimegeuka. Meneja wa bidhaa asiyeweza kumjibu mwanzilishi "hapana, tunamaliza hili kwanza" ni karani wa vikao. Mgawe kwa mfumo, kwa mteja au kwa kaunti, ni yuleyule.

Lingine, mleta mada: yule dada wa simu mbona umemweka nje ya hesabu? Yeye ndiye aliyejua shida Jumanne. Wewe ulijua kwa sababu ulipita nyuma yake, na siku hiyo ungeenda kunywa chai, usingejua.

Mwanagenzi

Samahani wakubwa, sisi tuko tisa tu. Tuajiri meneja wa bidhaa?

Mleta mada

La. Kwa watu tisa, mwanzilishi ndiye meneja wa bidhaa. Siku mtakapoona amekosa nafasi ya kuzungumza na wateja, hapo ndipo mtafute mtu.

Dada, hilo la huduma kwa wateja limenichoma kwa haki. Nimerekebisha pendekezo, lione: meneja mmoja abebe safari yote ya mwenye duka, tangu anapofungua apu hadi mzigo unaposhushwa mlangoni, na mtu mmoja wa huduma kwa wateja aketi ndani ya timu hiyo. Mwingine abebe dereva na mtu wa stoo. Malipo yabaki mahali pamoja, chini ya mhandisi kiongozi, bila meneja wa bidhaa, timu zote zitumie njia hiyohiyo moja. Na kipimo cha timu ya kwanza kiwe saa kutoka pesa kuingia hadi mzigo kufika. Maana yake cheo changu kinafutwa, najua. Mzee, kuhusu ruhusa, swali lako nitaliuliza mbele ya mkurugenzi mkuu mwenyewe, ingawa najua atanuna.

Mhandisi wa Kilimani

Malipo kubaki pamoja, hapo tumekutana. Lakini bila meneja, foleni ya maombi ya timu mbili ataipanga nani? Mhandisi kiongozi atampendelea anayepiga kelele zaidi, nakwambia kwa sababu mimi ndiye huyo mhandisi. Na saa nane usiku malipo yakigoma, anaamshwa nani, wangu au wa mwenye duka?

Mleta mada

Zamu ya usiku sijaipatia jawabu. Wenye uzoefu mniambie kwenu ikoje.

Mliouliza pembeni kuhusu mama: pesa ya pili alirudishiwa Ijumaa. Nimeangalia akaunti yake asubuhi hii, oda yake ya mwisho bado ni ile ya mafuta.