Wenye kumbi za harusi, huo "uwezo wa watu 500" mnaupimaje?

Jamani, acheni nitoe dukuduku kabla sijapasuka. Binti yangu anaolewa, nami nimejitwika kazi ya kuzunguka naye kutafuta ukumbi. Nilidhani kibarua kitakuwa kumridhisha yeye. Wapi! Mtoto wa watu hana makuu. Wanaotutoa jasho ni wenye kumbi.

Kila unapoingia unaambiwa, "Hapa wanaingia watu 500." Sawa, wamekaaje? Ukimbana meneja ndipo unagundua kahesabu viti vitupu vilivyopangwa mistari, kama vya mkutano. Meza hakuna, jukwaa la maharusi hakuna, pa kuchezea muziki hakuna. Sasa weka meza za duara za watu 10, zenye upana wa karibu mita 1.8, acha nafasi ya kuvuta kiti na mhudumu kupita. Kila mgeni atataka mita moja ya mraba au zaidi, wakati kwenye mistari angetosheka na kama 0.6. Hao 500 wameshashuka hadi 300 au chini yake, na nafasi ya jukwaa bado hujaitoa! Meneja mmoja ananijibu huku anacheka, "Mzee, watajibana tu." Wajibane, kwani wamepanda basi?

Halafu bei. Ukiuliza kwa simu bila kutaja harusi ni moja. Ukifika na binti mwenye pete kidoleni inapanda hapo hapo. Tena hiyo ni ya kuta na paa tu. Jenereta pembeni, usafi pembeni, walinzi pembeni. Ukija na mpambaji wako unalipa faini. Faini ya kosa gani? Na huyo mpambaji ataruhusiwa kuingia saa ngapi, hawakwambii mpaka uulize, maana asubuhi kuna sherehe ya watu wengine humo humo.

Kilichonichefua kuliko vyote ni arubuni. "Lipeni kwanza tuwashikie tarehe, mkataba mtaukuta." Nikakataa, nikataka kuusoma kwanza. Kuletewa, mteja akighairi anapoteza kila senti. Binti akauliza kwa adabu kabisa, "Na ukumbi mkighairi nyie?" Kimya. Tukapekua karatasi yote, hakuna hata mstari mmoja. Akanishika mkono: "Baba, twende." Nikamshukuru Mungu kwamba huyu si wa kuyumbishwa na mapazia na taa za rangi, maana mimi mwenyewe ule ukumbi ulikuwa umenivutia.

Bado tunatafuta, na tarehe haitusubiri. Aliyewahi kupewa mkataba kabla ya kuombwa pesa, naomba aniambie aliandikiwa nini kuhusu kurudishiwa arubuni na muda wa kupamba. Na nyie wenye kumbi, msije hapa na "ndio utaratibu wetu, mzee". Utaratibu wenu nimeshauona.