Eti paja likicheza ninapata mchumba! Huyu mtu tumfanye nini?

Mwana Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi na mikono inanitetemeka kwa hasira, siyo kwa ugonjwa. Yule daktari mnayemjua. Miwani juu ya paji la uso, kikombe cha tangawizi mezani, simu mkononi tangu asubuhi mpaka magharibi. Jina silitaji, na hakuna haja, mji mzima wa Mtwara umeshapita mbele ya ile meza.

Wiki ya tatu hii paja langu la kulia linacheza. Linaruka kama changu aliyetupwa ndani ya ngalawa. Usiku mtoto ninayelala naye ananiamsha, "Mama, kuna panya kitandani." Vidole vinachonyota, nyayo zina sindano sindano, mara ganzi mpaka kandambili inanivuka barabarani sina habari. Malaria nimepimwa mara nne, hakuna. Dawa za UTI nimepewa, nimemeza. Nikaambiwa ni gesi, nikaacha maharage.

Leo nimeondoka nyumbani alfajiri, nimekaa kwenye benchi mpaka makalio yakaota mizizi. Naingia, shikamoo. Marahaba hakuna. Naanza kueleza, namwonyesha paja juu ya kanga, lenyewe linacheza pale pale, kanga inatikisika, yeye hajainua macho. Akasema: "Jicho likicheza unapata mgeni. Paja likicheza unapata mchumba. Niitie anayefuata."

Na wale wanafunzi wawili waliosimama nyuma yake wakacheka.

Wakacheka! Mimi mume wangu nimemzika Januari, eda nimetoka mwezi wa tano. Unapata mchumba! Hajanigusa. Hajanigonga goti kwa kile kinyundo. Hata sukari hajapima. Mbuzi akichechemea kwetu anashikwa mguu anaangaliwa kwato, mimi mtu mzima naambiwa mchumba!

Kijana wa Chikongola

Sasa huyo mchumba ameshafika au bado yuko njiani?

Bi Shangani

Wewe Chikongola huna adabu. Hukusoma kwamba mwenzako kafiwa? Pole sana dada. Mimi nilimpelekea mgongo akaniambia ni uzee. Nina miaka 29.

Pweza Mkavu

Afadhali nyie mmeambiwa kitu. Mimi alinitazama, akapiga mwayo, akaandika panado.

Mwana Mikindani

Kijana wa Chikongola, muulize mama yako kama angeambiwa hivyo mbele ya watoto wa watu angecheka. Najirudia lakini sijali: nilikuwa nimeshika kanga hivi, paja linaonekana, akasema unapata mchumba. Bila kuinua macho!

Mzee wa Nanyamba

Binti, unakula mihogo michungu? Huku mkoani kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walipooza miguu kwa makopa ambayo hayakulowekwa vya kutosha. Njaa ilikuwa kali, watu hawakusubiri. Wataalamu wanauita konzo.

Nesi Mstaafu

Shikamoo mzee. Konzo inakakamaza miguu yote miwili kwa ghafla na haiponi. Haichezeshi paja moja wiki tatu. Dada, sukari upime kweli, hapo una haki. Na kama kuna mtu humu anameza metformin, ile dawa ya kisukari, miaka mingi na nyayo zinakufa ganzi, aulize habari ya vitamini B12, ile dawa huwa inaishusha. Wanaomeza dawa za TB nao waulize kuhusu B6. Tezi ya shingo, upungufu wa kalshamu, mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni, vyote vinaweza. Kukosa usingizi peke yake kunachezesha misuli. Ila nikuulize, mikorosho unapuliza mwenyewe?

Mwana Mikindani

Ndiyo. Alikuwa anapuliza marehemu. Mwaka huu nimebeba pampu mwenyewe, tangu mwezi wa sita. Salfa kwanza, sasa hivi dawa ya maji kwa ajili ya wale wadudu wanaoitwa mbu wa mikorosho.

Nesi Mstaafu

Pampu inavuja?

Mwana Mikindani

Nimetoka kuiangalia. Inavuja kwenye kizibo, upande wa kulia. Kanga ya shamba ina doa la njano kutoka kiunoni mpaka gotini. Mkanda nao umelowa mpaka leo, na mara ya mwisho nimepuliza Jumamosi.

Nesi Mstaafu

Basi usiipulize tena. Oga kwa sabuni, nguo hiyo ifuliwe peke yake. Ziko dawa za wadudu zinazochonyota ngozi saa chache baada ya kukumwagikia, na ziko nyingine zinazochezesha misuli pale pale zilipoingilia. Sisemi ndiyo yenyewe. Chukua kile kibandiko cha chupa, nenda nacho kwa daktari mwingine. Mate yakikujaa, macho yakiona ukungu au kifua kikibana, usingoje asubuhi.

Mwana Mikindani

Swali moja tu, dada. Mikorosho unapuliza mwenyewe? Maneno matatu! Angeniuliza hayo badala ya mchumba!

Mkulima Tandahimba

Dawa ya maji umeipata wapi? Sisi salfa yenyewe imefika maua yameshaungua kwa ugonjwa wa ubwiri unga.

Pweza Mkavu

Mmeletewa mapema. Kwetu gari limeshusha mifuko imepasuka, unga wa njano umejaa ofisini, mlinzi macho mekundu.

Newala Juu

Tusianze habari za salfa, tuanze za makato. Korosho za mwaka jana nimekatwa mpaka nikajiona ndiye ninayedaiwa na ghala.

Kijana wa Chikongola

Na umeme umekatika tena huku, mara ya tatu leo, wakati gesi inatoka Mnazi Bay hapo mlangoni kwetu.

Mwana Mikindani

Jamani, paja bado linacheza.

Mkulima Tandahimba

Pole dada. Newala Juu, nyie makato yenu mlipewa kwa karatasi? Maana kwetu tulisomewa kwenye mkutano kwa mdomo tu.

Newala Juu

Karatasi gani! Njoo nikuonyeshe.