Land Cruiser ya kabureta nimeifunga injeksheni, inazima mlimani. Pampu ni ndogo?

Mzabibu_Mpunguzi
Wakuu, salaam. Nina Land Cruiser FJ60 ya mwaka 1984, injini 2F, lita 4.2, aliyoniachia marehemu baba. Ndiyo inayobeba zabibu kutoka shambani Mpunguzi hadi Dodoma mjini, siiuzi wala siibadilishi injini. Kabureta ilikuwa imekwisha, nikaagiza seti ya injeksheni (inanyunyiza petroli kwa nozo badala ya kabureta), ile ambayo nozo zimo ndani ya throto, mlango wa hewa ya injini, na inakaa palepale pa kabureta. Karatasi yake inataka presha ya baa 4. Dukani nikauziwa pampu ya kufunga nje ya tenki, imeandikwa lita 340 kwa saa, nikaambiwa kubwa haina hasara. Fundi ameifunga kwenye bodi kule mbele, karibu na ilipokuwa pampu ya zamani. Mafuta yanayobaki yanarudi tenkini kwa kale kabomba kembamba ka tangu enzi za kabureta.

Asubuhi inawaka vizuri. Ila ikiunguruma imesimama inatoa moshi mweusi, na harufu ya petroli mpaka macho yanawasha. Jua likikolea pampu inalia. Wiki iliyopita imenizimia nikipanda Nyang'oro kwenda Iringa, tenki likiwa robo. Nilikaa dakika 40 kando ya barabara ndipo ikawaka. Nitafute pampu kubwa zaidi? Msimu wa kuvuna umekaribia.

Dereva_Kibaigwa
Pole mkuu. Anza na filta. Tenki la mwaka 1984 lina kutu mpaka basi.

Fundi_Chang'ombe
Ndugu Mzabibu, usinunue pampu nyingine kwanza. Nimefunga mifumo hii miaka kadhaa na dalili zako nazijua. Mbili zinatokana na pampu kuwa kubwa, nyingine na mahali ilipofungwa.

Pampu ya kabureta ilikuwa inasukuma kwa theluthi ya baa hivi, na kabureta ilichukua kidogo kidogo. Injeksheni yako inataka baa 4. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu pampu si lita ngapi, ni lita ngapi *ikiwa kwenye baa 4*. Presha ikipanda, lita zinapungua, na namba ya kwenye boksi mara nyingi ni ya presha ndogo.

Sasa piga hesabu ya injini. 2F ina nguvu za farasi kama 135. Injini ya petroli ikikanyagwa mpaka mwisho hula takribani gramu 230 kwa kila farasi kwa saa. Hiyo ni kilo 31, sawa na lita 42. Ongeza theluthi ya akiba, unafika lita 56. Pampu yoyote nzuri inayotoa lita 100 kwa baa 4 inakutosha na kubaki. Yako inasukuma mara kadhaa ya hapo, na gari ikiwa imesimama karibu yote inatakiwa irudi tenkini. Kabomba kembamba hakapitishi. Mafuta yanagota, regyuleta, kile kifaa cha kudhibiti presha, inashindwa kuyamwaga, presha inapanda kupita baa 4, nozo zinamwaga kupita kiasi. Huo ndio moshi wako. Hayo yanayorudi nayo yamezungukia kwenye injini yenye moto, yanachemsha tenki. Tenki likiwa robo yanapata moto haraka zaidi.

La pili: pampu hizi zinasukuma, hazijui kuvuta. Mbele kule iko mbali na juu ya tenki, inanyonya petroli ya moto kwa bomba refu. Petroli inatoa mvuke, pampu inalia, gari inazima. Ikipoa, inawaka. Ishushe nyuma kwenye chesisi, usawa wa chini ya tenki au chini kidogo, mbali na ekzosi. Kabla ya pampu weka filta ya maikroni 100, baada yake ya 10. Ukiweka ile laini kabla ya pampu, unaikaba koo.

Funga geji ya presha unisomee. Pima pia volti kwenye nyaya za pampu injini ikiwa inaunguruma.

Mzabibu_Mpunguzi
Fundi, shukrani sana. Nimepima jana: baa 5.2 ikiwa imesimama, na volti 11.3 kwenye pampu wakati betri inasoma 13.9.

Fundi_Chang'ombe
Volti 2.6 zimepotelea njiani, waya ni mwembamba. Vuta waya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi iwe karibu na betri, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) iamriwe na kontroli boksi, kompyuta ya injeksheni. Ukishaurekebisha waya, pampu hiyo itasukuma zaidi na presha itapanda, kwa hiyo bomba la marejeo lipanuliwe siku hiyohiyo. Na tafadhali, asikudanganye mtu kuiwasha pampu kwa swichi ya moja kwa moja. Boksi huizima pampu pale injini inaposimama. Gari ikipinduka na pampu inasukuma, unaungua. Mipira ya kabureta itoe yote, weka iliyoandikwa SAE J30R9, alama ya mipira ya presha ya injeksheni.

Mzabibu_Mpunguzi
Nimebadilisha pampu ikawa ya lita 130 kwa baa 4, imekaa nyuma kwenye chesisi, bomba la marejeo la milimita 8, waya mpya. Geji imesimama kwenye 4, volti 13.6. Leo saa nane mchana nimetoka Mpunguzi na kreti 30, tenki robo. Haikulia.