Tupeane uzoefu: Wawakilishi wa uhamiaji katika maombi ya ukaazi wa kudumu Kanada

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba kila aliyeomba ukaazi wa kudumu wa Kanada kwa kumtumia mwakilishi aeleze alivyomchagua na walivyofanya kazi, kwa kuwa jamaa zetu wengi walioko Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura hulipa fedha kabla ya kujua ni nani anayeruhusiwa kisheria kuzipokea. Wanaoruhusiwa ni mawakili na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa na chama cha wanasheria cha jimbo, manotari wa Quebec, na washauri wenye leseni ya College of Immigration and Citizenship Consultants, chombo kilichoanza kazi Novemba 2021.

Sheria haimlazimishi mtu kuwa na mwakilishi, wala maombi yanayopitia kwake hayapewi kipaumbele. Mimi nilimhitaji kwa sababu nilikuwa nimeishi na kuajiriwa katika nchi kadhaa, na kukusanya hati za polisi pamoja na barua za waajiri zinazotaja majukumu, saa za kazi na mshahara kulitaka mtu aliyezoea. Kabla ya kulipa nilitafuta jina lake katika orodha ya wanachama iliyo wazi mtandaoni, nikahakikisha leseni yake ni hai, kisha nikapiga simu kwa namba iliyoandikwa humo, wala si ile niliyopewa na aliyenitambulisha, maana matapeli huazima majina ya washauri halali.

Mkaazi wa Edmonton
Mimi nilimtaka mshauri wangu anitumie maombi yote niyasome kabla hayajawasilishwa. Katika swali la kuwahi kunyimwa viza alikuwa amejaza "hapana", ilhali nilikwisha kumweleza kwamba Uingereza ilininyima viza ya masomo, na nilipomuuliza akajibu kuwa hilo ni jambo dogo la zamani. Si dogo hata kidogo. Kwa kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji ya Kanada, anayetoa taarifa za uongo au kuficha jambo muhimu anaweza kuzuiwa kuingia nchini kwa miaka 5, na adhabu humwangukia mwombaji hata kama kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine. Tulirekebisha jibu, nikaambatanisha barua ya kunyimwa viza, na ukaazi nikaupata.

Dada wa Mombasa
Binamu yangu alikutana na wakala aliyekataa kujaza fomu IMM 5476, ambayo ndiyo humtambulisha mwakilishi kwa idara ya uhamiaji, akafungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe. Idara ilipoomba nyaraka za ziada, ujumbe ulimfikia wakala peke yake, muda ukapita, na maombi yakakataliwa. Hakuwa na mkataba wala stakabadhi ya kumdai.

Mwanzisha mada
Pole sana kwa binamu yako, dada. Niongeze kwamba hata ndugu anayekuwakilisha bila malipo anapaswa kutajwa katika fomu hiyo hiyo. Waliopitia Quebec naomba nao waeleze, kwa sababu jimbo hilo huchagua wahamiaji wake kwa utaratibu wake na lina orodha yake ya washauri wanaotambuliwa.