Msaada: amitriptilini, diazepamu na zolpidemu, ipi afadhali kwa asiyepata usingizi?

BintiWaZamu: Wakuu habari zenu. Tangu nitolewe shifti za usiku usingizi umenikataa kabisa, napanda kitandani saa nne mpaka saa nane macho makavu. Daktari kaniandikia amitriptilini ya miligramu 25, kufungua karatasi ya ndani ya boksi nakuta ni ya sonona, mimi sina sonona jamani. Jirani anatumia diazepamu ya 5 anasema ukimeza tu umezima, yuko tayari kunigawia. Mwingine kaniambia zolpidemu ndo kiboko. Nishike ipi?

Kigodoro: Piriton mbili unalala kama mtoto, mnajitesa bure

Mfamasia_Usiku: Kigodoro hiyo Piriton ni ya mafua na aleji, usingizi ni matokeo tu, na mwili ukishaizoea hata huo usingizi huupati.
Dada, amitriptilini kwa dozi ndogo inatumika sana kwa usingizi, haimaanishi daktari kakuona una sonona. Ubaya wake mdomo mkavu, choo kigumu na kichwa kizito asubuhi. Ifiche mbali na watoto, ikizidi inagusa moyo. Diazepamu ndo Valium hiyo hiyo, inakaa sana mwilini, nusu yake tu kutoka inaweza kuchukua siku nzima mpaka mbili, kwa hiyo unaamka nayo na usiku unaongezea nyingine juu. Haitakiwi kuzidi wiki mbili mpaka nne maana unakuwa mtumwa wake, na aliyezoea akikata ghafla anaweza kupata hata degedege. Ya jirani muachie jirani.

mama_wawili: Nakazia hapo. Mama yangu mkubwa alikuwa anaimeza, kaamka usiku kwenda chooni miguu haina nguvu, chini, nyonga ikavunjika. Wazee msiwape kiholela

BintiWaZamu: Duh. Na zolpidemu? Maana hii ya kwangu kweli asubuhi kwenye daladala napitiliza kituo

Mfamasia_Usiku: Zolpidemu inatoka haraka, nusu yake ndani ya kama masaa mawili na nusu, inafaa kwa anayechelewa kusinzia kama wewe. Ila kuna watu wanaamka wanapika, wengine wanaendesha gari na asubuhi hawakumbuki kitu. Halafu kwa wanawake inakawia kutoka, 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishusha dozi yao ya kuanzia toka miligramu 10 mpaka 5, kwa hiyo usikubali 10 kisa mwanaume fulani anatumia. Hiyo yako jaribu kuimeza mapema kidogo, saa mbili hivi, uone kama asubuhi itakuwa nyepesi, ikishindikana rudi kwa aliyekuandikia akupunguzie dozi. Na mwambie ulikuwa shifti, tatizo lako naona ni saa ya mwili zaidi ya dawa, amka muda ule ule kila siku hata jumapili na utoke ukapigwe na jua.

Kigodoro: na bia moja ya kusindikizia je mtaalam

Mfamasia_Usiku: Hata nusu. Kwa zote tatu, na Piriton yako pia