Peter Lalor: mwasi wa Ballarat aliyekuja kuwa Spika

Mwalimu wa Kisauni:
Assalamu alaikum. Naandaa somo la kidato cha tatu kuhusu Peter Lalor, mzaliwa wa Ayalandi aliyewaongoza wachimba dhahabu wa Ballarat, Australia, mwaka 1854. Serikali ilitangaza zawadi ya pauni 200 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwake, naye kabla ya mwaka kutimia akachaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Victoria, koloni la Waingereza lenye mji huo wa Ballarat. Iliwezekanaje?

Mzee wa Likoni:
Wa alaikum salaam, Mwalimu. Anza na leseni. Mchimbaji alilipa shilingi 30 kila mwezi, apate dhahabu asipate, na kura hakuwa nayo. Ilimpasa awe na karatasi hiyo mwilini hata akiwa ndani ya shimo lililojaa tope, kwani askari wakimkosa nayo walimkamata. Marehemu babangu alivaa kipande, kile kitambulisho cha lazima cha enzi za mkoloni, shingoni, ndani ya kijaluba cha chuma, kwa hivyo ghadhabu ya watu wale naielewa vyema.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, ngome yao ya magogo pale Eureka ilivamiwa. Lalor alipigwa risasi, wenzake wakamficha chini ya mbao, na mkono wake wa kushoto ukakatwa. Lakini watu 13 walioshtakiwa kwa uhaini waliachiliwa wote na mahakama ya Melbourne, leseni ikafutwa, na pahali pake pakaja hati ya pauni 1 kwa mwaka iliyompa mchimbaji haki ya kupiga kura. Ballarat ilipopata viti, Lalor alipita bila kupingwa.

Msomaji wa Mji wa Kale:
Naongeza jambo, kwa heshima ya mzee wangu. Mwaka 1856 Lalor aliunga mkono wenye mali kupiga kura zaidi ya moja, na waliomchagua wakakasirika sana. Mwaka 1873, akiwa mmoja wa wakurugenzi wa mgodi wa Lothair, Clunes, wachimbaji waligoma na kampuni ikaleta Wachina kushika kazi zao. Wenyeji, wanawake wakiwemo, wakawarudisha kwa mawe. Miaka saba baadaye alikuwa Spika. Usiwafiche wanafunzi habari hii.

Mwalimu wa Kisauni:
Ahsanteni sana. Sitaificha. Nitaanza na kijaluba cha mzee, kisha niende Clunes. Je, siku wachimbaji walipokula kiapo cha kutetea haki zao chini ya bendera yao ya Msalaba wa Kusini, Lalor alikuwa na umri gani?

Mzee wa Likoni:
Miaka 27, Mwalimu.